24 Novemba ikitazamwa kutoka Fizi

Redio nyingi zina kipindi kisicho na gharama: siku kama ya leo. Mtangazaji huchukua tarehe moja, huokota matukio ya miaka mbalimbali, huyaanika kama ndakala kwenye kichanja, na dakika tano zimekwisha. Kwa historia ya dola la Kongo, 24 Novemba ni tarehe inayomtosheleza mtangazaji yeyote. Mwaka 1964, alfajiri ya siku hiyo, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliangushwa Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka ndege za jeshi la Marekani. Mwaka mmoja baadaye, usiku wa 24 Novemba 1965, makamanda wa jeshi walikutana Léopoldville na kumkabidhi nchi Luteni-Jenerali Joseph-Désiré Mobutu. Siku hiyo ikafanywa sikukuu ya taifa, na wakati wa Zaire kila mtoto wa shule aliijua.

Orodha hiyo ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba haiunganishi kitu na kitu. Aliyeko Kinshasa ataona mambo mawili yaliyogongana kwenye kalenda kwa bahati. Aliyeko Fizi, wilaya iliyo kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa nchi, ana sababu ya kuona vingine, kwa kuwa baina ya 24 Novemba ya kwanza na ya pili kulikuwa na miezi kumi na miwili ya vita, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ilipiganiwa kwake: kwenye ufuko wa ziwa kusini mwa Baraka, kwenye barabara inayopanda kwenda Fizi mjini, na katika milima inayotazama Kigoma. Tarehe mbili za Kinshasa ni ncha mbili za kamba moja, na katikati ya kamba hiyo ni Fizi.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Katikati ya Mei 1964 waasi walioandaliwa na Gaston Soumialot kutoka Bujumbura waliiteka Uvira. Baraka na Fizi zikafuata, na mwezi wa Juni Albertville, yaani Kalemie. Wenyeji wa ziwani mpaka leo wanaviita vita hivyo vya Mulele, ingawa Pierre Mulele mwenyewe alikuwa Kwilu, magharibi kabisa mwa nchi, na hakuwahi kukanyaga Fizi. Wapiganaji walijiita Simba, walinyunyiziwa maji ya dawa na waganga wao, wakapewa miiko ya kufuata ili risasi zisiwaingie. Agosti walishindwa kuishika Bukavu, iliyolindwa na Kanali Léonard Mulamba. Jina hilo tutakutana nalo tena. Stanleyville waliishika, na huko wakatangaza Jamhuri ya Watu wa Kongo chini ya Christophe Gbenye.

Serikali ya Moïse Tshombe haikuwa na jeshi la kuwaondoa. Ilikodi mamluki, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, wakiongozwa na Mike Hoare, na ikategemea maofisa wa Kibelgiji na ndege zilizolipiwa na Marekani. Waasi walipoona wanazingirwa waliwashika wageni zaidi ya elfu moja mjini Stanleyville kama ngao. Ndipo ikaja 24 Novemba 1964. Askari wa miavuli walitua, mateka kadhaa wakauawa barabarani kabla hawajafikiwa, na asubuhi hiyohiyo msafara wa nchi kavu wa Kanali Frédéric Vandewalle ukaingia na mamluki wake. Magazeti ya Ulaya yalihesabu wazungu waliokufa mmoja mmoja. Wakongomani waliokufa katika mji huo siku zile na wiki zilizofuata walikuwa maelfu, na hakuna aliyewaandika majina.

Kwa Fizi, maana ya siku hiyo ilikuwa ya kijiografia. Waasi walipopoteza mji wao mkuu, viongozi walitawanyika Sudan, Cairo na Dar es Salaam. Wapiganaji walibaki na maeneo machache ya kusimamia, na katika mashariki eneo lililokuwa na mlango wa nyuma lilikuwa Fizi. Serikali ilikwisha kuikomboa Uvira mwanzoni mwa Oktoba na Albertville mwishoni mwa Agosti. Katikati ya miji hiyo miwili ufuko ulibaki mikononi mwa waasi. Mbele yao lilikuwa ziwa, ng'ambo ya ziwa Kigoma, na Kigoma kulikuwa na reli ya Dar es Salaam na serikali ya Julius Nyerere iliyowaunga mkono. Nyuma yao ilisimama milima ya Mitumba, isiyo na barabara za kupitisha magari ya deraya. Mahali pa namna hiyo hapahitaji itikadi ili padumu katika vita.

Siku kumi na saba tu baada ya Stanleyville, tarehe 11 Desemba 1964, Ernesto Che Guevara alipanda kwenye jukwaa la Umoja wa Mataifa mjini New York akailaani operesheni hiyo kwa hasira. Kisha akazunguka Afrika. Februari 1965 alikuwa Dar es Salaam, akakutana na mmoja wa viongozi wa waasi, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, Mluba wa Katanga, aliyeitwa Laurent-Désiré Kabila. Alfajiri ya 24 Aprili 1965 mtumbwi wa injini kutoka Kigoma ulimshusha Kibamba, pwani ya Fizi, akiwa na kikosi cha kwanza cha Wakuba wasiozidi kumi na wanne. Walijipa majina ya namba za Kiswahili ili wasijulikane. Kiongozi wa jina alikuwa Moja, yaani Víctor Dreke. Daktari wa kikosi, aliyekuwa Che mwenyewe, akawa Tatu. Hivyo mtu aliyekuwa maarufu kuliko wote katika vita vile aliishi Fizi miezi saba akiitwa kwa namba, na wengi waliobeba mizigo yake hawakumjua.

Sitasimulia miezi hiyo saba yote. Imekwisha kuandikwa sana, hasa na Che mwenyewe, ambaye baadaye alijifungia katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam akaandika kitabu cha kukiri kushindwa. Yako mambo machache yanayohusu hoja yetu. Mwanzoni mwa Juni, Léonard Mitoudidi, kiongozi aliyeonekana kuweza kupanga kambi, alizama ziwani. Tarehe 29 Juni walishambulia ngome ya Bendera, penye mtambo wa umeme wa mto Kiymbi, wakashindwa vibaya. Wakuba wanne waliuawa, na karatasi zilizokutwa kwa wafu zikawaonyesha maadui kwamba Wakuba wako Kongo. Kabila alifika Kibamba mwezi wa Julai, akakaa siku chache, akaondoka tena. Wakuba walifika zaidi ya mia moja, lakini jeshi walilokuja kulifunza lilikuwa na makamanda wasioelewana, wakimbizi wa Rwanda waliokuwa na vita vyao wenyewe, na vijana wa Kibembe waliotaka kulinda vijiji vyao kwanza.

Mwishoni mwa Septemba mamluki wa Hoare walishuka Baraka kwa mashua. Juu yao ziliruka ndege zilizoendeshwa na Wakuba wengine, wale waliomkimbia Fidel Castro na kuajiriwa na shirika la ujasusi la Marekani. Wakuba wa Castro wakiwa mlimani, Wakuba wa upande wa pili wakiwa angani, na chini yao mji wa wavuvi wa ghuba ya Burton: sijui kama kuna picha nyingine inayoeleza vita baridi kwa ufupi zaidi. Mapigano ya Baraka yalikuwa makali kuliko mamluki walivyotazamia. Oktoba mji wa Fizi nao ukachukuliwa.

Hapa ndipo kalenda inapoanza kutupatia kitu. Tarehe 13 Oktoba 1965 Rais Joseph Kasa-Vubu alimfukuza kazi Tshombe, waziri mkuu aliyechukiwa na Afrika nzima kwa sababu ya kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa nchi, na kwa sababu ya mamluki. Siku chache baadaye Kasa-Vubu alikwenda Accra kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akaahidi kuwarudisha mamluki makwao. Ahadi hiyo iligonga milango miwili kwa mpigo. Wa kwanza ulikuwa wa Nyerere na wenzake. Ikiwa Tshombe ameondoka na mamluki wataondoka, viongozi wa Afrika hawakuwa tena na sababu ya kuendelea kuwalisha waasi. Mwanzoni mwa Novemba Tanzania iliwaarifu Wakuba kwamba msaada wa namna ile umefika mwisho. Usiku wa kuamkia 21 Novemba 1965 mashua kutoka Kigoma ziliwachukua Wakuba kwenye ufuko wa Fizi. Hazikutosha kuwachukua wapiganaji wote wa Kikongo waliotaka kuondoka, na wengine waliachwa wakitazama.

Mlango wa pili ulikuwa wa jeshi. Mobutu na makamanda wake waliwahitaji mamluki. Bila wao hawakuwa na uhakika wa kuishika Kongo ya mashariki. Rais anayewaahidi Waafrika wenzake kuwafukuza, bunge linalomkataa waziri mkuu mpya Évariste Kimba katikati ya Novemba, Tshombe anayesubiri kurudi: haya yote yaliwapa maofisa hoja ya kusema kwamba wanasiasa wameshindwa. Siku tatu baada ya boti za Kigoma, makamanda walikutana nyumbani kwa Mobutu. Asubuhi ya 25 redio ikatangaza.

Kwa hiyo kati ya tarehe 21 na 24 hakuna bahati. Kuondoka kwa Wakuba Fizi na kuingia kwa Mobutu Ikulu vilizaliwa na mwezi mmoja wa siasa, Oktoba 1965, na hasa na mkutano wa Accra. Vitabu vya shule vya Zaire viliandika kwamba Mobutu aliiokoa nchi kutoka katika machafuko. Ukweli uliokuwapo Fizi ni kwamba uasi ulikwisha kuvunjwa mgongo alipochukua madaraka. Alichookoa yeye ni mpango wa kijeshi uliokuwa karibu kuvunjwa na rais aliyetaka amani na majirani. Waziri mkuu aliyemteua alikuwa Mulamba, yule wa Bukavu. Kivu ikapewa heshima ya kuonekana kwenye picha ya kwanza. Kimba yeye alinyongwa hadharani mjini Kinshasa mwezi wa Juni 1966, pamoja na mawaziri wa zamani watatu.

Na hata tarehe yenyewe ilichaguliwa. Mapinduzi yalitangazwa tarehe 25, na vitabu vingi vya historia hutaja 25. Utawala ulipendelea 24, usiku wa kikao, kwa sababu kikao cha makamanda ndicho kilichokuwa chanzo cha mamlaka yao. Sikukuu ya dola ikawa sikukuu ya chumba cha wanajeshi. Mobutu alikuwa fundi wa kalenda: 20 Mei ilikuwa ya chama chake, MPR, 24 Juni ya katiba ya 1967, 27 Oktoba ya jina la Zaire, 14 Oktoba, siku aliyozaliwa yeye, ikawa ya vijana. Krismasi aliiondoa katika orodha ya siku za mapumziko mwaka 1974. Ukizitandaza tarehe hizo, unaona mwaka mzima umegeuzwa kuwa wasifu wa mtu mmoja, na 24 Novemba ndiyo ukurasa wa kwanza.

Siku hiyo katika zone ya Fizi, kama wilaya ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa kama kwingineko: gwaride la wanafunzi na watumishi, ngoma za chama, komisari wa zone amevaa abakosi, bendera ya kijani yenye mwenge. Tofauti ni kwamba mlimani palikuwa na bendera nyingine. Tarehe 24 Desemba 1967 Kabila na wenzake walianzisha Chama cha Mapinduzi ya Watu, PRP, na kwa takribani miaka ishirini kikashikilia sehemu ya milima ya Fizi, makao yake yakiitwa Hewa Bora. Kulikuwa na mashamba ya pamoja, shule za itikadi, dhahabu iliyovushwa kwenda Kigoma usiku, na adhabu kali kwa waliotuhumiwa uchawi au usaliti. Mei 1975 watu wa chama hicho walivuka ziwa wakateka wanafunzi wanne kutoka kituo cha utafiti cha Gombe, Tanzania, na dunia ikagundua ghafla kwamba katika nchi ya Mobutu kuna kipande kisicho cha Mobutu. Novemba 1984 wakaishambulia Moba, upande wa kusini. Mwanakijiji wa Fizi wa miaka hiyo alilipa kodi mara mbili na kukaguliwa mara mbili. Aliyeshuka sokoni Baraka aliulizwa ametoka wapi. Aliyepanda aliulizwa amezungumza na nani.

Urithi mzito zaidi wa mwaka 1965, kwa maoni yangu, haumo katika siasa za Kinshasa wala katika hadithi ya Che. Umo katika nyanda za juu. Waasi waliosukumwa kutoka ziwani walipanda milimani wakiwa na njaa, wakaanza kula ng'ombe wa wafugaji wa Kinyamulenge. Wafugaji hao, ambao baadhi yao walikuwa ndani ya uasi, waligeuka; kuanzia 1966 vijana wao walichukua silaha za jeshi la Mobutu wakasaidia kuwafukuza waasi ambao wengi walikuwa Wabembe. Vita vilivyoanza kama ugomvi wa wafuasi wa Lumumba na serikali ya Kinshasa vikageuka, katika milima ya Fizi na Itombwe, kuwa ugomvi wa jirani na jirani. Kinshasa ilisherehekea umoja wa taifa kila 24 Novemba, na umoja huo Fizi ulikuwa umepatikana kwa kuwapa bunduki upande mmoja dhidi ya mwingine.

Deni hilo lilidaiwa 1996. Ninataka kulieleza taratibu, kwa sababu ni hapa ambapo kila jamii ya Fizi ina kalenda yake, na mwandishi akichagua moja anakuwa amekwisha kuingia vitani. Septemba 1996, kabla ya vita kutangazwa, wapiganaji wa Kibembe wakisaidiana na askari wa Zaire waliwaua raia wa Kinyamulenge katika vijiji vya ziwani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile inayojulikana kama Ripoti ya Mapping, inataja watu 152 waliouawa Lueba peke yake, na wengine wengi Baraka. Wiki chache baadaye mambo yakageuka. Muungano wa AFDL, uliokuwa na jeshi la Rwanda nyuma yake na Kabila yuleyule wa Hewa Bora mbele yake kama msemaji, uliiteka Uvira mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 29 Oktoba, huko Abala-Ngulube, raia zaidi ya mia moja waliouawa na askari hao walikuwa waumini wa kanisa la Malkia wa Ubembe, waliokataa kuhama. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa Novemba hiyohiyo kwa ajili yao.

Hali hiyo ndiyo iliyoikuta 24 Novemba ya mwisho ya utawala wa Mobutu, ile ya 1996. Mwenye sikukuu alikuwa kusini mwa Ufaransa akiuguza saratani, akarudi Kinshasa katikati ya Desemba. Goma, Bukavu na Uvira hazikuwa tena mkononi mwake. Watu wa Baraka walikuwa kwenye boti au chini ya maturubai upande wa Tanzania. Nani aliyepiga ngoma za chama siku hiyo, na kwa ajili ya nani?

Kabila aliingia madarakani 17 Mei 1997, na tarehe hiyo ikawa sikukuu badala ya 24 Novemba. Mtu angetegemea kwamba rais aliyekula ugali wa Fizi kwa miaka ishirini angeipa Fizi angalau siku moja katika orodha ya taifa. Haikutokea. Bendera zilibadilika, nyimbo zikabadilika, mantiki ikabaki ileile: siku ya dola ni siku mtu alipochukua Kinshasa. Zilizoongezwa baadaye, 16 Januari kwa ajili ya Kabila aliyeuawa 2001 na 17 Januari kwa ajili ya Lumumba, ni siku za vifo vya wakuu.

Siku ambazo Fizi ingeziweka yenyewe ni za namna nyingine, na mbili kati yake zimeangukia penye mpaka wa mwaka. Kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, vita vya pili vikiwa na miezi mitano, askari wa kundi la waasi la RCD pamoja na jeshi la Rwanda na la Burundi waliwaua watu wa Makobola na vijiji jirani, Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi, katika sekta ya Tanganyika. Ripoti ya Mapping inazungumzia zaidi ya watu 800. Miaka kumi na miwili baadaye, usiku wa 1 Januari 2011, askari wa jeshi la taifa waliingia katika nyumba za Fizi mjini wakapora na kubaka. Mara hii hawakuwa waasi wala wageni. Walivaa sare ya dola na walilipwa na dola.

Tukio hilo la pili lilifuatwa na jambo lililo nadra katika historia ya sehemu hizi. Mahakama ya kijeshi inayohamahama ililetwa Baraka mwezi uliofuata, wanawake kadhaa wakatoa ushahidi, na tarehe 21 Februari 2011 Luteni-Kanali Kibibi Mutware, kamanda wao, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Askari wengine nao walihukumiwa. Hukumu hiyo ilitajwa duniani kote kama mfano. Inastahili sifa hiyo, ingawa mtu anaweza kuuliza kwa haki kwa nini kesi ya usiku mmoja ilichukua wiki saba na ile ya Makobola haijapata mahakama mpaka sasa. Jibu la kiufundi lipo: waliotuhumiwa 2011 hawakuwa majenerali, walikuwa karibu, na hawakuwa na serikali ya kuwalinda. Walioshika amri Makobola walikuwa na vyeo vikubwa, na baadhi ya majeshi yao ni ya nchi nyingine.

Ukilinganisha sasa kalenda hizi mbili, tofauti haiko kwenye huzuni peke yake. Tarehe ya Kinshasa ina saa, ina mahali, ina mtu mmoja aliyetenda. Tarehe ya Fizi karibu kila mara ni siku tatu au nne, vijiji vitano, na watendaji wengi wasiotajwa. Wazee wa ziwani hawasemi mwaka. Husema wakati wa Mulele, wakati wa Kabila wa msituni, wakati wa vita vya kwanza, wakati wa RCD, na kila mtu pale anajua ni wakati gani. Ni njia sahihi ya kuhesabu mambo yaliyochukua miezi. Udhaifu wake ni kwamba haiingii katika fomu ya mahakama, wala katika amri ya rais inayotaja siku za mapumziko.

Kuna ugumu mwingine ambao viongozi wa mashirika ya raia Baraka wanaujua vizuri. Ukiweka Makobola kwenye kalenda ya wilaya na ukaiacha Lueba, Munyamulenge wa nyanda za juu atauliza swali ambalo halina jibu la heshima. Ukiweka zote mbili, atatokea Mbembe atakayesema unalinganisha visivyolingana, kwa sababu idadi si sawa na waliotenda hawakuwa na nguvu sawa. Mimi sioni njia isipokuwa kuziandika zote kwa tarehe zake, kwa majina ya vijiji na idadi zilizothibitishwa, bila kuzipanga kwa ukubwa. Hiyo itawaudhi watu. Lakini mpango wa sasa, ambapo kila kanisa na kila ukoo una orodha yake ya siri, umekwisha kuonyesha unavyofanya kazi: kila vita vipya vya nyanda za juu huanza na mtu anayetaja tarehe ambayo jirani yake hajawahi kuisikia.

Kinshasa nayo imeanza kujaribu. Tarehe 2 Agosti, siku vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, sasa inatumika kitaifa kuwakumbuka waliouawa katika migogoro ya miongo hii. Safari hii dola limechagua siku ambayo haikumpandisha mtu yeyote kwenye kiti. Hata hivyo siku moja haiwezi kubeba Lueba, Abala, Makobola na Fizi mjini kwa pamoja, na ripoti kuu inayotegemewa ina mipaka yake. Mapping inaanza Machi 1993 na kuishia Juni 2003. Usiku wa 1 Januari 2011 uko nje ya mpaka huo. Na mwaka wa 1965 uko nje kabisa, pamoja na wote waliouawa Baraka mamluki waliposhuka kwenye mashua zao, na wale waliouawa mlimani ng'ombe walipoanza kuchinjwa. Waliokuwa na umri wa kuelewa wakati huo sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini. Baadhi yao wako Fizi, baadhi Nyarugusu, ambako wajukuu wao wameijua sikukuu ya 9 Desemba ya uhuru wa Tanganyika kabla ya kuijua 30 Juni ya kwao. Bado wapo wa kuulizwa, kijiji kwa kijiji, nani aliuawa na mwezi gani.